Kikapu cha Kumoso

Jumatatu, 3 Novemba

Nachora vitako vya vikapu kwa mkaa tangu asubuhi. Mkaa umeingia mpaka kwenye uji. Mama kalalamika, kisha akaunywa. Anasema tangu nianze kusomea sanaa nyumba nzima imekuwa jiko.

Maonyesho ni Alhamisi, kwenye ukumbi wa Mwanga. Chuo kinataka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aonyeshe kazi pale pale alipofanyia utafiti, ndipo akaitetee Dar. Wenzangu wamekwenda mbali. Mimi nimerudi Katubuka, kuchora vikapu vya mama yangu mzazi. Jina lake sijaliandika popote. Chini ya kila mchoro nimeandika: kimenunuliwa sokoni. Si uongo. Mama hasimami sokoni, vikapu vyake anaviuza Mama Anjela wa Kalinzi, pamoja na maharage yake.

Malori yamepita tena, watu na magodoro juu. Warundi wanaoishi mjini wanakusanywa, wanapelekwa kambini. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. Mtaa mzima unamjua kuwa Muha, mwenyeji wa huku, mjane wa Muha. Kwa kweli ni Mrundi, alivuka mto Malagarasi kabla sijazaliwa, na hakunifundisha Kirundi hata neno; Kiha nacho najua salamu tu. Anayejua asili yake, mbali na mimi, ni Mama Anjela peke yake.

Nasikia lori hata pasipo na lori.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Ilianza vizuri. Mwalimu wangu wa historia ya sanaa amekuja kwa treni, kachoka, lakini alipofika mbele ya mchoro mkubwa alisimama muda mrefu. Ni kikapu kilichogeuzwa, kitako juu. Vikapu vyote vya Waha nilivyovikagua vinaanza katikati na kuzunguka kulia. Hiki kinazunguka kushoto. Mwezi wa nane nilimwuliza mama kwa nini, akajibu huku sindano iko mdomoni, "Ni kumoso." Kumoso ni nchi iliyo ng'ambo ya mto, kwao Warundi, kwenye ramani ipo. Nikaandika sura nzima: Mtindo wa Kumoso. Kwamba msukaji hubeba alikozaliwa kwenye kitako cha kikapu, hata kama ulimi wake umekwisha kusahau. Mwalimu anasema sura hiyo ndiyo itakayonipa shahada. Nilivimba kichwa.

Kisha akaja bwana mmoja, shati jeupe la mikono mifupi, mpole. Akasoma maelezo yote. Akauliza, kwa hiyo mtu akigeuza kikapu atajua aliyekisuka katoka wapi? Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamfundisha. Akatoa pakiti ya sigara, akachora juu yake ule mzunguko, akanishukuru.

Alipotoka ndipo mwalimu, aliyetambulishwa kwake mlangoni, akaniambia ni nani. Ni afisa wa yale malori.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwambia mama. Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga.

Alikaa chini pale pale alipokuwa. Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikasoma. Nilipofika kwenye "Mtindo wa Kumoso" akanishika mkono. "Rakini mwanangu, kumoso ni kushoto." Mama akiogopa, l zote zinamtoroka. Nikasema ni nchi. Akasema ndiyo, nchi ipo, ila yeye hakuzaliwa huko wala hajawahi kufika. Bibi yangu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Basi. Mama alijifunza kwa kukaa ubavuni pake na kuiga mikono yake, na kikapu kikazunguka alivyokizungusha bibi. Watu wa mlimani kwao walikuwa wanawacheka. Kwao wote huzungusha kulia.

Hakuna mtindo wa nchi. Kuna bibi mmoja na mkono wake. Mama yangu alitaja upande, mimi nikasikia mahali, kwa sababu lugha yake siijui.

Maana yake katika wilaya nzima kitako kile ni cha mtu mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na chawa ndiye mimi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekwenda soko la Mwanga mapema nikatoe vikapu kwa Mama Anjela. Nimechelewa. Askari walikuwa wanageuza vikapu, meza hadi meza, na ile pakiti ya sigara mkononi. Wanamwaga nyanya, wanatazama chini, wanaendelea. Kwa Mama Anjela wakaacha kuendelea.

Wakamwuliza kasuka nani. Akasema hajui, yeye ni muuza maharage. Wakamwuliza tena. Akasema, basi nimesuka mimi. Kalinzi nzima inajua hawezi kusuka hata mkia wa mbuzi. Wakamchukua. Aliniona nimesimama kwenye nguzo ya fundi cherehani. Akageuza uso haraka, ili nisiangaliwe.

Nami nikaondoka kwa kupita nyuma ya vibanda. Nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani padri kasoma habari za mgeni na jirani. Sikuinua kichwa.

Mama amevaa khanga yake nzuri, anataka kwenda kujitaja. Anasema hawezi kula wakati mwenzake yuko ndani kwa ajili yake. Nimemfungia mlango. Mtoto kumfungia mama mlango. Tumelia, yeye ndani, mimi nje.

Nimemwahidi kwamba kesho nitakwenda mimi, maana maneno yaliyomfunga Mama Anjela ni yangu. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikiwaambia kumoso ni kushoto tu, wataniuliza nani kaniambia. Nikikaa kimya, lori la Jumatano litaondoka na Mama Anjela, Muha wa Kalinzi.

Mama amevichoma vikapu vyote vya ndani. Moshi wake mtamu. Kisha akachukua ukindu mpya, akajaribu kuanza kwa kuzungusha kulia. Umefumuka. Akajaribu tena.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekwenda.

Mwalimu alikataa kunisindikiza, kisha akanifuata njiani. Ofisini nilimwambia afisa, shikamoo mzee, nimekuja kusema nilikosea. Nimesema kitako kile si alama ya nchi yoyote. Nimeandika uongo kwa kutojua lugha. Kumoso ni upande wa mkono. Yule mama mwachieni.

Afisa hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akamwuliza mwalimu kama ni kweli. Mwalimu wangu, msomi mzima, akatazama viatu vyake na kusema kwamba ikiwa mwanafunzi ameifuta sura hiyo basi utafiti hauna kitu. Akaniuliza kama nimeelewa anachosema. Nikasema nimeelewa.

Kisha lile swali likaja. Nani alikueleza maana ya neno? Nikasema, mama yangu.

"Anasuka?"

Nikasema hasuki.

"Tutakuja kumsalimu."

Jumanne, 11 Novemba

Wamekuja wakati mama anafua. Afisa, na askari mmoja wa makamo, mtu wa Kasulu. Askari alimsalimu mama kwa Kiha. Mama akamjibu kwa Kiha cha marehemu baba, taratibu. Askari akamwuliza kushoto wanasemaje. Mama akataja. Askari akamgeukia afisa. "Hata sisi Waha, mzee, kumoso ni kushoto."

Nilidhani yamekwisha. Afisa akatoa ukindu na sindano kwenye bahasha. Akamwambia mama aanze kikapu.

Nilisimama mlangoni. Mikono ya mama ilishika ukindu, na kwa kitambo kidogo kidole gumba cha kushoto kilijongea, kinajua njia yake. Akakiacha. Akazungusha kulia. Ukafumuka. Akaanza tena, ulimi nje, anatoboa pasipo mahali pake, anavuta mno, analegeza mno. Kilichotoka kilikuwa kama kiota kilichoangushwa na upepo. Mwanamke ambaye vikapu vyake havipitishi hata ulezi.

Afisa akacheka. Si kwa ubaya. Akasema, "Mama, kazi hii waachie wenyewe."

Askari alikichukua kile kitu kutoka mikononi mwake. Nilimwona anatazama vidole. Vidole vya mama vina sugu la sindano, makovu madogo, ngozi ngumu ya miaka. Alivitazama. Kisha akasema, "Huyu hajawahi kusuka, mzee. Twende." Akakitupa kiota chetu uani.

Mama aliendelea kufua. Nguo zile zile, zilizokwisha takata.

Jumatano, 12 Novemba

Mama Anjela ameachiwa. Kashuka hapa kabla ya kwenda kwake, mguu umevimba. Mama alimkanda kwa maji ya chumvi. Hawakuongea habari hiyo. Waliongea kuhusu bei ya maharage na mjukuu aliyeota jino. Mimi nilitaka kumwomba msamaha. Akanikatiza: "Weka chai, mwanangu."

Lori limepita. Lilikuwa limejaa. Sijui wangapi wamo kwa sababu ya kitako. Mama Anjela anasema pale ndani walikuwepo wengine waliokutwa na vikapu walivyonunua kwake. Hakuniambia zaidi, wala sikuuliza, kwa uoga.

Jumamosi, 22 Novemba

Mwalimu kaondoka na treni ya juzi. Nitarudia mwaka. Nimeshusha michoro ukutani, nimeifuta mmoja baada ya mwingine kwa kipande cha mkate, kifutio chetu cha mkaa. Karatasi ni nzuri, zitatumika tena.

Usiku sasa nalala kidogo. Mama halali, namsikia.

Ukindu uliobaki umetumika kufungia kuni. Jana nilimwomba anifundishe, mlango umefungwa, nani atatuona. Akasema mikono inamuuma. Nilimwomba basi anifundishe Kirundi. Akafikiri sana, akasema labda baada ya mvua.

Leo ametoka Mwanga na vitunguu na dagaa. Amevibeba kwenye kikapu cha plastiki, cha bluu, kipya. Amekitundika msumarini na kwenda kuwasha moto.