Mhubiri Aliyempaka Mama Mafuta

Karakana ya Mishumaa,
Nyuma ya Soko la Nafaka.
Wiki ya kwanza baada ya mavuno,
mwaka wa pili wa mfalme mpya.

Mpendwa mdogo wangu Kinanda,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako, na za mpwa wako ambaye sasa ananifika begani. U hali gani huko ugenini? Kifua bado kinakubana asubuhi? Na wenyeji wako, wanakuacha uimbe, au huko nako wapo wa kukuambia ufumbe mdomo? Sisi hapa tu wazima wa mwili. Mengine nitakueleza, lakini naomba ukae chini kwanza.

Mama ametutoka. Alikata roho kabla ya mavuno, mchana, kitandani mwake kwenye kile chumba cha juu ya karakana, nami nimemshika mkono. Pole sana, ndugu yangu. Najua ulivyokuwa ukiomba mkutane tena, hata mara moja tu. Hakuteseka sana. Hilo ni kweli, na yote nitakayoandika ni kweli vilevile, hata yanayoniumbua. Ukimaliza kusoma, choma karatasi hii.

Tangu ulipokimbia mji si ule. Sala za zamani zimepigwa marufuku kabisa, pamoja na sanamu, mishumaa na kupaka wagonjwa mafuta. Monasteri yenu ninyi watawa wameibomoa. Mchinjaji amejenga zizi kwa mawe yake, ng'ombe wanalala chini ya lile dirisha ulipokuwa ukiimba. Shemeji yako husema angalau wao hawakosei wimbo. Sisi nasi hatugusi nta tena, maana hakuna wa kuinunua. Tunachovya tambi kwenye mafuta ya kondoo, mishumaa ya jikoni tu, na harufu yake imetuganda mpaka kwenye nywele.

Mama hakuwakubali wahubiri hawa wapya wa mfalme hata siku moja. Alikwenda kwenye ibada zao kwa sababu ilikuwa lazima, akakaa nyuma, akawa ananong'ona sala zake za siku zote huku wenzake wakisoma mpya. Alipougua aliniomba jambo moja tu: nimwite kasisi mzee aje ampake mafuta.

Kasisi alikuwa amefichwa kwenye dari ya mwoka mikate, ng'ambo ya barabara. (Wamekwisha kumvusha mpaka, ndiyo maana nathubutu kuandika.) Lakini baraza la mji lilikuwa limetangaza kwamba atakayekutwa na kasisi nyumbani mwake, nyumba itachukuliwa, naye atafungwa. Nilishuka ngazi, nikafika mlangoni, nikashika komeo, nikarudi juu. Nikashuka tena, nikarudi tena. Mwishowe nikamwambia mama kwamba kasisi yuko njiani. Nilimdanganya mama yetu akiwa anakufa, Kinanda.

Aliyekuja ni mhubiri mpya. Sheria yao ndiyo iliyomleta, kwamba kila mgonjwa mahututi asomewe na mhubiri. Ni kijana mwembamba, mwenye sauti nzito ya taratibu kama yako. Alifungua kitabu akaanza kusoma. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha kufifia, lakini aliposikia sauti ile aligeuza uso.

"Kinanda," akasema. "Umekuja, mwanangu."

Mhubiri akaweka kidole kwenye ukurasa. Akanitazama. Mimi nikainamisha macho.

"Naam, mama," akajibu. "Nimekuja."

"Nipake mafuta basi, niende zangu."

Kumbuka huyu ndiye aliyekuwa akituhubiria kila Jumapili kwamba mafuta yale ni ushirikina mtupu. Alifunga kitabu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, una mafuta?" Nikamletea ya zeituni, yaliyobaki kwenye taa. Maneno hakuyajua. Mama ndiye aliyemtajia moja moja, naye akawa anayafuatisha kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Hata maneno umesahau!" mama akamkemea. "Ugenini kumekuharibu."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Kisha mama akamwita mhubiri ainame, akamwambia kitu sikioni, akatulia. Hakuamka tena.

Yangeishia hapo, tungemshukuru Mungu tukanyamaza. Lakini mke wa fundi viatu alikuwa amemletea mgonjwa supu, akasimama ngazini, akasikia sala yote. Maziko hayajapoa, nikaitwa barazani.

Unakijua kile chumba cha baridi juu ya ghala, chenye meza ndefu. Mhubiri alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi. Mkuu wa baraza hakunizungusha. Aliniuliza, "Mafuta yalitoka wapi?"

Nilijua maana ya swali lile. Yakiwa ni yangu, karakana inafungwa na mtoto wangu analala nje. Nikasema, "Alikuja nayo mwenyewe."

Mkuu akamgeukia mhubiri. "Ni kweli?"

Akanitazama vilevile alivyonitazama kando ya kitanda cha mama. "Ni kweli," akasema.

Palepale wakamvua joho. Vitabu vyake wakavichukua, wakamwamuru aondoke mjini mavuno yakiisha.

Shemeji yako ananiambia nilifanya la lazima. Huenda. Lakini usingizi umenikimbia. Mtu alimfanyia mama yangu wema niliouogopa mimi, nami nikamtupia mzigo wangu mbele ya watu.

Jana nilipiga moyo konde nikamwendea. Nilimkuta anafunga shati na mkate ndani ya shuka. Nikamwambia, "Nimekuharibia maisha."

"Si wewe tu," akasema. "Nimewaambia watu siku zote kwamba mambo yale ni upuuzi, halafu nikamwona mama yako anatabasamu. Sasa hata wangeniacha, ningesimama mbele yao niseme nini?"

Nilingoja aseme amenisamehe. Hakusema, nami sikuthubutu kumwomba. Nikamuuliza anakwenda wapi. Hana pa kwenda, wazazi wake walikufa katika vita vya mfalme aliyepita. Nikamwambia nina ndugu ng'ambo ya mpaka.

"Yule ambaye mama aliniita kwa jina lake?"

"Huyohuyo."

"Atanipokea, mtu kama mimi?"

Nikamwambia utampokea. Nimekujibia bila kukuuliza, mdogo wangu, na hilo nalo liongeze kwenye makosa yangu.

Basi aliyekukabidhi barua hii ndiye yeye. Najua wenzake ndio waliokuvunjia nyumba na kukufukuza kwenu. Una haki ya kumfungia mlango, na mimi ukanifungia moyo. Lakini kabla hujaamua, muulize mama alimwambia nini sikioni. Mimi nilimuuliza, nikambembeleza sana. Alikataa katakata. Alisema maneno yale aliambiwa Kinanda, na ni Kinanda tu atakayeyasikia.

Shangazi anakusalimu, anasema usikae bila skafu. Mwoka mikate na mkewe wanakusalimu. Mpwa wako anauliza kama bado unaimba ule wimbo wa punda, nimemwambia unaimba. Nisalimie wote waliokufungulia mlango huko.

Mungu, ambaye siku hizi sijui anataka aombwe kwa maneno gani, akulinde, akupe afya, atukutanishe tungali hai.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata katika aibu yake,

Mchovya Tambi