Mshika Kengele Hapigi Kura

Jumanne, 10 Januari

Klabu yetu ya siasa ya kata leo. Watu wengi kuliko nilivyotegemea na theluji hii. Kahawa ilikuwa maji ya kuoshea vikombe.

Mgeni wetu bwana wa mabomba ya maji taka. Alipewa dakika kumi. Alikuja na picha arobaini! Dakika ya kumi ilimkuta bado yuko bomba la tatu. Nikagonga kengele. Akatabasamu, akaendelea. Nikagonga na kugonga hadi akakaa. Watu wakapiga makofi, sijui ni yake au ni yangu. Yangu.

Akafuata mama anayegombea ujaji. Wagombea ujaji hawaruhusiwi kusema wanafikiri nini, basi alitumia dakika zake mbili kutueleza habari za mbwa wake wawili. Alimaliza sekunde nne kabla ya wakati. Huyo nitamchagua hata kama mbwa ni wa kuazima.

Miaka kumi na tisa naishika kengele hii. Nimemgongea mbunge. Nimemgongea padri, akiwa katikati ya sala. Nilimgongea hata Wanda, mke wangu, Mungu amrehemu, alipokuwa akisoma taarifa ya kamati ya keki. Alininunia siku mbili. Nilisema wakati ule kwamba zilikuwa siku mbili za raha.

Halafu, tulipofika "mengineyo" — Bernadette akasimama. Binti yangu wa kumzaa. Akasema anagombea udiwani. Hakunitonya! Nimepata habari sawasawa na bwana wa mabomba.

Diwani Mahan, aliyekikalia kiti hicho miaka ishirini na ushee, aliendelea kula donati yake. Ila sasa alitafuna polepole.

Jumatano, 18 Januari

Bernadette kaja na supu ya kabichi. Supu kwetu huja na shida ndani yake.

Kumbe kashapiga hesabu. Klabu itapiga kura Machi kuamua nani aandikwe kwenye karatasi ya pinki, orodha ya wagombea tunaowaunga mkono. Nusu ya wazee wa kata hii huingia kituoni na karatasi hiyo mkononi, wakaweka alama pale inaposema, wakaenda zao kula soseji. Namjua mzee aliyerudi nyumbani bila kupiga kura kwa kuwa aliisahau mezani. Usipokuwa kwenye pinki, hupo.

"Nisipoipata najitoa, Baba," anasema. "Asubuhi naendesha basi la shule, jioni na mimi ni binadamu. Siwezi kugonga milango elfu nne."

Wenye haki ya kupiga kura ni waliohudhuria mikutano mitatu. Kwa hesabu yake, ishirini na tisa ni wake, ishirini na tisa wa Mahan, na watatu ukiwauliza wanaongelea hali ya hewa.

"Na wewe wa thelathini," anasema.

Nikakohoa. Mshika kengele hapigi kura, asije akapendelea. Ni kanuni ya klabu. Na aliyeitunga kanuni hiyo ni mimi. Enzi hizo kengele ilikuwa kwa Leonard Kosik, na nilitaka kumpokonya kura. Ikapita. Leonard akaitupa kengele siku ileile ili abaki na kura yake, na mimi nikaiokota, nikanogewa. Tangu hapo Leonard anaijutia. Mkuki kwa nguruwe.

"Basi mpe Leonard kengele," anasema Bernadette. "Yeye ni mtu wa Mahan. Akiishika anapoteza kura, wewe unaipata yako. Kura mbili, Baba, kwa kitu cha shaba cha ukubwa wa kitunguu."

Nikamwambia supu imepoa.

Jumapili, 29 Januari

Mazoezi ya hotuba, jikoni kwangu. Mimi na saa ya kuchemshia mayai, na kijiko na sufuria badala ya kengele. Kanuni ni dakika mbili. Mara ya kwanza katumia tatu na sekunde hamsini. Ni mama yake mtupu: ukimuuliza bei ya mkate anaanzia harusi ya mwokaji.

Nikagonga sufuria.

"Baba, ndiyo kwanza naanza."

"Ndiyo kwanza umemaliza."

Hotuba yenyewe ni nzuri, sitamwambia. Njia za miguu hazifagiliwi theluji, watoto wanatembea barabarani, yeye anawaona kila asubuhi kwenye taa za basi. Tukakata hiki, tukakata kile. Tukafika mbili na arobaini. Kilichobaki ni kipande cha mwisho, cha Wanda: pale kona, barafu ya siku nne, akateleza, nyonga, hospitali, na hakurudi.

Nikamwambia akikate hicho.

Akasema, "Hicho ndicho hotuba yenyewe."

Nikaenda kuosha sufuria. Haikuwa chafu.

Alhamisi, 9 Februari

Kinyozi. Nani kakaa kiti cha pili? Leonard, sabuni hadi masikioni.

"Nasikia unaiachia kengele, mzee."

"Nani kasema?"

"Watu. Uzee si aibu, Kaz. Mkono wako siku hizi unachelewa."

"Mkono wangu utakugongea wewe kaburini."

"Mimi ningeshika, mtu akifika dakika moja na nusu namwonyesha kidole, mbili kamili — kling! Hata awe binti wa nani."

Kashanunua dawa ya kung'arishia shaba. Niliiona mfukoni mwake. Mtu wa miaka themanini na moja!

Nimeamua. Jumanne naiachia. Mtoto ni mtoto, shaba ni shaba.

Jumanne, 14 Februari

Sikuiachia.

Nilikuwa na nia, wallahi. Odessa Pettiford, mwenyekiti wetu, aliuliza mbele ya wote: "Anayetaka kubadilisha kazi kwa hiari yake kabla ya kura za Machi aseme leo. Leo ndiyo mwisho." Akanitazama mimi. Odessa ameendesha shule miaka thelathini, anajua nani kaficha nini.

Shida ni kwamba dakika tano kabla, Mahan alikuwa akisifia daraja alilolijenga mtu mwingine, akapitiliza, nikamgongea akiwa na mdomo wazi. Utamu wake bado ulikuwa kwenye vidole. Leonard alikuwa akinyoosha shingo kama bata mzinga. Nikatazama dari. Dari ile inahitaji rangi.

Odessa akasema haya, tuendelee.

Bernadette alikuwa akiangalia viatu vyake. Kanirudisha nyumbani na gari. Wanda akininunia alikuwa anafunga makabati kwa kishindo. Huyu kafunga mlango wa gari taratibu. Ni mbaya zaidi.

Ijumaa, 24 Februari

Hakuna supu.

Jumanne, 14 Machi

Naandika nyuma ya ajenda. Niko kwenye korido, mimi na makoti ya watu. Nimetolewa nje!

Niandike kwa mpangilio. Mahan kaongea kwanza, kamaliza kwa dakika moja na sekunde hamsini na nane. Miaka yote hiyo hatimaye kajifunza. Akainama kidogo upande wangu kabla ya kukaa, mshenzi.

Akaja Bernadette. Hakuwa na karatasi. Basi, watoto, taa, barabara. Hata kahawa waliacha kumimina. Mimi nina macho kwenye saa. Ikafika dakika moja na hamsini na tano, ndipo akasema, "Mama yangu Wanda, wengi wenu mmekula keki zake —"

Mbili kamili.

Mkono ulikuwa juu ya kengele. Ulishajipeleka wenyewe, kama punda anayejua njia ya zizini. Leonard akaonyesha saa yake. "Kaz! Mbili!"

Sikugonga. Wanda nilishamgongea mara moja. Inatosha.

Akaendelea hadi mwisho wake. Kona, barafu, nyonga. Mbili na sekunde arobaini, na kila mmoja mle ndani anajua, kwa kuwa Leonard alizihesabu kwa sauti.

Halafu makelele. Leonard kasimama: mshika kengele kapendelea damu yake, avuliwe kengele leo hii, tena kabla ya kura! Mahan akamvuta koti, sijui kwa nini. Leonard akamsukuma mkono, akasema amengoja miaka kumi na tisa. Desturi ni kwamba anayejadiliwa hutoka nje. Nikatoka na kengele yangu. Bernadette hakunitazama, au alinitazama nikiwa nimeshageuka.

Nasikia wanapiga kelele ndani. Sasa kimya. Viti vinaburuzwa.

Mlango. Odessa.

"Umevuliwa, Kaz. Ilete."

Nikampa. Ilikuwa na joto la mkono wangu.

"Leonard kaomba aishike yeye, kuanzia dakika hii," anasema. "Nimemuuliza mara mbili kama ana hakika. Kasema ana hakika."

Uso mkavu kabisa. Kwenye mkono wa pili ana karatasi za kura, bado hazijagawiwa. Akaniambia niingie, mwanachama wa kawaida hakai na makoti.

Kutoka hapa namwona Leonard. Kaipokea, anaipangusa kwa leso, anaigonga kidogo kujaribu. Anacheka peke yake. Bado hajaikumbuka kanuni. Mahan kakumbuka: donati yake imesimama nusu ya njia. Wale watatu wa hali ya hewa wanatazamana. Bernadette kanivutia kiti.

Odessa anasema niache kuandika, kalamu hiyo ina kazi nyingine —