Tulimsomea Hitima Mtu Aliye Hai

Majengo, Nyeri
12 Agosti 1973

Kwa dada yangu Mwanasiti,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nanyuki, wewe na shemeji Muse na mbuzi wake wote. Mimi sijambo kabisa. Baridi ya mwezi huu imetubana, lakini jiko langu linawaka, kuku wanataga, na wiki hii hakuna mwanamke aliyefariki hapa mtaani, kwa hiyo mimi mwosha maiti wenu nimepumzika. Nina raha zangu.

Uliniomba nimuulizie Othmani kabla hamjaijibu posa yake kwa binti yenu Subira. Nimeulizia. Hapa Majengo hakuna asiyempenda. Mutahi fundi cherehani anasema hajapata kuona kijana mwenye utu kama huyo. Hata mimi ananibebea kuni na kuniita mama mdogo, na akikusikiliza unaona kama amekungoja wewe tu tangu asubuhi.

Lakini desturi yetu ni kumuuliza mama mzazi, na mama yake, tuliambiwa, alifariki Machi. Mtaa mzima tulimsomea hitima. Sisi wanawake tulipika pilau sufuria tatu. Nilikuwa nikipakua karibu na dirisha nikamwona Othmani akiinua macho, akimtazama mzee Rashid aliyekuwa akilia, kisha akaukunja uso wake vivyo hivyo. Ndipo machozi yakatoka. Sikumwambia mtu.

Ulipoandika habari za posa nikakumbuka uso ule. Jumamosi nikapanda basi hadi Kagio, kwao Othmani, kuwauliza majirani wa marehemu. Wakanionyesha marehemu mwenyewe, anauza nyanya sokoni.

"Ati mlinisomea hitima?" akaniuliza. "Na mlipika nini?"

Nilipomwambia pilau alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanikalisha juu ya debe. Alisema mwanawe alimuua kwa maneno ili watu wasije kumuuliza. Tangu utotoni hakuona haya wala hofu. Ukimchapa anakutazama tu. Mke wake wa kwanza alirudi kwao amevunjwa mkono. Aliyemvunja ni Othmani, na aliyempeleka hospitali ni Othmani, akambembeleza vizuri hata wauguzi wakamsifu. Mama yule aliniomba nisiseme kuwa ndiye aliyeniambia, kisha akasema hapana, niseme.

Niliporudi nilimuuliza jirani yangu Magdaline, muuguzi aliyesomea maradhi ya akili. Alisema watu wa namna hiyo si wazimu, na wala hawafanani. Wako wenye hasira za karibu, wanaopiga kwanza na kufikiri baadaye. Wako wenye maneno matamu, wanaoijua mioyo ya wengine kuliko wenyewe. Na wako waliopoa tu, hawaogopi, hawaumii, wanafanya kazi zao na hawamdhuru mtu. Habari za hao wa mwisho nilimuuliza mara mbili.

Sasa dada, najua yatakayotokea. Mtamkatalia, naye atakuja Nanyuki na machozi. Atasema mama yake alimkana, kwamba aliona aibu ndipo akasema amekufa. Subira atalia naye, shemeji atalainika, na wewe una huruma kupita kiasi. Kwa hiyo lazima nikwambie nimeyajuaje machozi yale.

Siku mama yetu alipofariki, mimi sikuhisi kitu. Nilikutazama wewe. Ulipojishika kifua, nilijishika kifua. Ulipoanguka kwenye mkeka, nilihesabu kidogo, nami nikaanguka. Watu wakasema Saumu alimpenda mama yake. Tangu hapo nimelia misiba yote ya mtaa huu kwa kuiga uso wako. Ninaosha maiti bila kutetemeka, nanyi mnasema nina moyo mkubwa. Sina. Pale dirishani sikumwona mgeni, niliiona kazi yangu mwenyewe ikifanywa na mtu mwingine.

Sijawahi kumdhuru mtu, dada, wala sina hamu hiyo. Nimeishi vizuri hivi nilivyo, na ningeweza kwenda na siri hii kaburini bila kukosa usingizi hata siku moja. Lakini Subira anao mkono ambao haujavunjwa.

Kwa hiyo msomee barua hii yote, hata hapa panaponihusu mimi. Akiniogopa, mwache aniogope. Mimi siumii upesi, na sasa unajua sababu. Asiolewe naye tu.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani. Mkija Idi, mlango wangu uko wazi. Msipokuja nitaelewa.

Wasalaam,
Ni mimi mdogo wako, kama bado unapenda kuniita hivyo,
Saumu