Sisi ni Hapa au ni Pale?

Jumapili, 6 Julai

Kaka amepiga simu kutoka ng'ambo. Operesheni ya jicho la mama imekwenda vizuri, anarudi na boti ya Jumamosi! Nilirukaruka jikoni peke yangu kama mwehu. Halafu kaka akaongeza, kwa ile sauti yake ya mkubwa wa familia, kwamba daktari amekataza jicho kuguswa na maji. Hata tone. Kwa hiyo kama chumba cha mama bado kinavuja, bora abaki huko kwa kaka moja kwa moja. Si zile wiki mbili za matibabu. Moja kwa moja.

Nikamwambia paa litakuwa tayari. Akacheka. Wewe si ndiye Manyunyu, akasema.

Ndiyo, ni mimi. Kila alfajiri naingia studio, nasomea kisiwa kizima hali ya hewa, na kila alfajiri ni yale yale: upepo wa wastani kutoka kusini mashariki, vipindi vya jua, manyunyu ya hapa na pale. Nimeshayasema hata usingizini. Mtaa mzima unaniita Manyunyu, mpaka muuza vocha. Na jirani, Mama Kamba (kamba za nguo zimeizunguka nyumba yake yote), kila siku ananiuliza swali lile lile: mwanangu, leo sisi ni hapa au ni pale? Kisha anashika kiuno kwa kucheka. Mimi sicheki tena.

Kabla ya kukata simu kaka alimpa mama. Mama akanong'ona ili asisikike: nitengenezee chumba changu, mwanangu, huku nasikia lifti tu. Alinong'ona! Mtu mzima, nyumbani kwa mwanawe wa kumzaa! Anasema kinachomfurahisha ni kile kiredio chake kidogo alichoondoka nacho, maana asubuhi ananisikia.

Jumatatu, 7 Julai

Fundi wa paa amekuja. Tunamwita Taratibu, na si kwa bahati mbaya. Mabati mapya yameegemea ukuta wa koridoni, kila nikipita yananichania gauni. Nikamwonyesha chumba, nikamwonyesha doa la maji juu ya kitanda cha mama, nikamweleza habari ya jicho. Akatikisa kichwa kwa huzuni kweli kweli. Akapanda.

Aking'oa msumari wa pili upepo ukamvua kofia, ukaipeleka uani kwa Mama Kamba. Akashuka kuifuata. Hajarudi kwenye ngazi, mvua! Ikamwagika kama ndoo imepigwa teke, kisha ikakatika, jua likawaka. Nikasema haya, panda. Akasema bati likilowa linateleza, tusubiri likauke. Likakauka. Mvua tena. Mchana mzima ndiyo mchezo wetu, yeye na chai yangu, mimi na saa yangu.

Misumari miwili. Ndiyo kazi ya siku nzima.

Jumanne, 8 Julai

Fundi hakutokea. Nimepiga simu mpaka akapokea. Nanukuu: "Dada, si wewe mwenyewe umesema manyunyu? Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nikakusikia, nikavua."

Nimepigwa na mdomo wangu mwenyewe! Nikamwambia hayo nayasema kila siku. Akajibu kwa upole, na kila siku si inanyesha? Akaeleza kwamba yeye hawezi kuezua chumba cha mgonjwa huku redio inamwambia mvua ipo, atabeba lawama za bure. Siku nitakayotangaza kukavu, atakuja mbio.

Mbio! Taratibu!

Kaka ametuma picha ya kitanda kipya alichomnunulia mama. Shuka lina maua.

Jumatano, 9 Julai

Nimempigia bwana wa ofisi ya hali ya hewa, yule anayenitumia maneno ya kusoma. Nimemwomba kistaarabu: hapa ni wapi, na pale ni wapi? Akadhani namtania. Nikamwambia sitanii, nina mama. Akanieleza pole pole kwamba upepo huu unaleta vijiwingu kutoka baharini, kimoja kimoja, na kila kimoja kinamwaga pale kilipochoka. Yeye anaona kisiwa, haoni mtaa. Ukitaka mtaa, akasema, kiulize kiwingu.

Asante sana, msomi.

Kurudi nyumbani nimekuta kioja. Mvua imenyesha uani kwetu, ikaishia kwenye uzio. Nguo za Mama Kamba kavu, zinapepea. Kwetu matope. Amesimama mlangoni, ananipungia mkono: leo nyinyi ni hapa! Nimeingia ndani. Ni mama mzuri, ila leo ningemfunga na hizo kamba zake.

Kaka amepiga kuuliza paa limefikia wapi. Nimesema kazi inaendelea. Misumari miwili! Amesema nisijisumbue, mama ataanza kuzoea. Mama hazoei. Mama ananyamaza tu, na kaka anaona kunyamaza ndiyo kuzoea. Nimelia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefanya.

Ujumbe ulikuwa ule ule. Nimesoma: upepo wa wastani kutoka kusini mashariki, vipindi vya jua. Nukta. Fundi mitambo nyuma ya kioo akainua kichwa, akanitazama, akarudi kwenye maandazi yake. Sijadanganya. Upepo upo, jua lipo. Nimenyamaza tu mwishoni.

Narudi nyumbani, paa hakuna! Taratibu kaja mbio kama alivyoahidi, kang'oa mabati yote ya chumba cha mama, mbingu yote imo ndani. Sijawahi kukiona chumba kile na mwanga namna hii. Mbao mbili zilikuwa zimeoza, ameweka nyingine. Na mvua? Hata tone! Kutwa nzima! Mama Kamba amekausha mpaka mazulia. Fundi amefunika na turubai, kesho anapiga mabati mapya. Ameniambia, unaona dada, ukisema vizuri mambo yanakwenda vizuri.

Nimepata wazimu wa furaha. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena ujumbe kwa kaka: mlete mama. Sijautuma. Ngoja bati la mwisho.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi. Ujumbe wa leo: upepo unaongezeka kidogo, manyunyu ya hapa na pale. Nikayawekea kidole. Lakini nikiyasoma, fundi anavua viatu, na kesho ni Jumamosi. Nimeyaruka tena. Fundi mitambo safari hii hakurudi kwenye maandazi. Akauliza mbona. Nikasema mbona nini.

Mchana. Naandika nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mlangoni kwa mama. Nimelowa chapa.

Nusu ya mabati yalikuwa yamekaa. Nusu! Taratibu alikuwa anaimba huko juu. Mama Kamba alikuwa ametandaza uani kila kitu alicho nacho, mablanketi, mito, mpaka godoro lake, kwa sababu Manyunyu mwenyewe kasema kukavu siku mbili mfululizo. Kikaja kiwingu. Kidogo, cha kijivu, wala hakikutisha. Nikakikazia macho nikisema pita, pita, nenda pale. Hakikupita. Kikachoka hapa hapa.

Turubai tulilikimbilia wote wawili, upepo ukatutangulia. Likaruka uzio. Kitanda cha mama kimekunywa maji, sanduku lake limekunywa maji. Fundi ameshuka, anakamua kofia yake. Hajanilaumu, na hilo ndilo linaniuma. Uani kwa jirani nasikia godoro likiburutwa na mtu anasema peke yake, redio, redio, ati redio.

Simu imeita mara nne. Bosi mara mbili, sikupokea. Kaka mara mbili. Ya pili nimepokea, nikidhani ni habari za kesho.

Si habari za kesho! Anafoka. Mama ameondoka leo! Ameamka, amesikiliza kiredio, akasema mwanangu hajataja manyunyu jana, hajataja leo, chumba kimekauka. Kafunga kibegi chake, kamwambia dereva wa teksi ampeleke bandarini. Kaka aliporudi kutoka kazini kakuta kitanda chenye maua kimetandikwa vizuri. Ananiuliza nilimtumia mama ishara gani. Sikutuma ishara yoyote! Nilikuwa nataka fundi tu!

Akakata.

Saa hii hii. Mama yuko jikoni. Kaja na teksi, kavaa miwani nyeusi, na Mama Kamba kamshika mkono tangu barabarani, kamfunika kichwa na kipande cha turubai. Turubai letu! Mama hakulowa. Nimechungulia bandeji mara tatu, kavu. Mama Kamba hajaniuliza kama sisi ni hapa au pale. Ameweka kiti, amemkalisha mama, amerudi kwenye godoro lake.

Mama hajaingia chumbani kwake. Lakini masikio yake mazima, na matone yanasikika hadi hapa, tii, tii, kwenye beseni. Nikaanza kupika chai.

Kaka akapiga tena. Mama akanyoosha mkono, nikampa simu. Nimefika salama, mwanangu, akasema. Jicho zima. Chumba? Akageuka kuelekea kwangu na ile miwani. Akapapasa meza kwa kiganja, upande huu, upande ule.

"Hapa pakavu kabisa," akamwambia. "Kuna manyunyu kidogo pale."

Nikajiziba mdomo. Kicheko au kilio, sijui. Fundi naye kasikia kutoka koridoni. Kachukua nyundo, kaanza kupanda, na mvua bado haijaisha. Huyo huyo Taratibu.

Kisha mama akasikiliza kwa muda mrefu, uso ukamshuka. Akaweka simu mezani mbele yangu. Kaka anasema boti ya mwisho haijaondoka, anakuja kumchukua, ila ataghairi kama nitamhakikishia mwenyewe kwamba mama amekaa pakavu. Haamini maneno ya mama. Anataka nimwambie mimi, kwa sauti ile ya redioni.

Nimemwomba anipe dakika moja. Naandika haya ili mkono uwe na kazi. Jua limewaka tena, chumbani beseni linaendelea, tii, tii. Mama amekunja mikono mapajani, ananingoja kama anavyoningoja kila asubuhi.

Kaka yuko hewani.