Kichuguu Kwenye Njia ya Ndege

Abuku, 2 Machi 1993

Kwa mdogo wangu Hamuza,

Salaam aleikum. Hujambo huko Arua? Sisi tuko wazima, ila binti yangu Afisa anakohoa.

Jana walikuja watu wa kampuni yenu kupima shamba. Wanataka uwanja wa ndege, watalii watue hapa wakaone tembo wa Zaire bila kuchoka njiani. Wamepigilia kigingi juu ya kichuguu changu! Karani akaniambia, "Mama, hii kichuguu iko bila mwenyewe. Hamuza alishatia sahihi."

Ni kweli? Baba alinipa mimi kichuguu kile, nawe ulikuwepo. Tuliporudi kutoka uhamishoni nyumba ilikuwa majivu, tukala kumbikumbi wake msimu mzima, na wewe ndiye uliyekula kuliko wote. Moyo wangu hautulii. Jibu upesi.

Dada yako,
Aminah

Arua, 9 Machi 1993

Dada mpendwa,

Salaam nyingi. Mimi mzima. Afisa amepata nafuu?

Ni kweli, nilitia sahihi. Walitaka mwanamume wa ukoo, nami nilitaka kazi ya kujaza ndege mafuta. Nilijiambia baba hayupo, basi ni changu. Nilikosa, dada. Lakini vichuguu si viko vingi? Wanataka ukubali kabla ya Ijumaa wiki ijayo.

Mdogo wako,
Hamuza

Abuku, 12 Machi 1993

Hamuza,

Afisa amepona. Salamu nyingine utazipata ukifika.

Viko vingi, na kila kimoja kina mwenyewe. Nikatege kumbikumbi kwa nani, kama mwizi? Ikiwa lazima kichimbwe, usitume mtu. Njoo uchimbe mwenyewe, nikuone.

Dada yako

Koboko, 20 Juni 1993

Dada yangu,

Salaam. Watoto hawajambo? Tangu siku ile hujaniandikia. Nilichimba kichuguu mpaka kwa malkia wa mchwa, wewe umesimama tu, halafu ukanipa maji ya kunawa. Afadhali ungenitukana.

Ndege imetua mara mbili tu. Watalii sita, siku mbili, picha, basi. Mapipa matatu ya mafuta yameteketea angani kwa ajili ya watu sita! Sasa mvua imetuama kwenye udongo tulioushindilia, ndege haitui tena, na kampuni inahamia ng'ambo ya mji huu. Wamenituma mimi niongee na wenyeji.

Kuna mama anaitwa Viktoria, kichuguu chake kiko katikati ya njia mpya ya ndege. Ameniuliza, "Mwanangu, ndege ikikuja, sisi tutakula nini?" Anangoja jibu Jumatatu, tarehe 28. Silali, dada. Nimwambie nini?

Mdogo wako,
Hamuza

Abuku, 23 Juni 1993

Mdogo wangu,

Tuko wazima. Tunakula majani ya kunde, asubuhi na jioni.

Usimwambie kitu. Mlete hapa kabla ya Jumatatu, nimtembeze uwanjani. Na wewe uje naye, umwonyeshe kwa mkono wako ulipochimba.

Dada yako,
Aminah