Bibi wa Ndani ya Miwani

Mama yangu, mulembe. Kifua kimekuacha ulale? Na Mercy wangu, jino la pili limetoka? Mimi huku Nairobi nipo, nakula vizuri kwa dada. Nakuandikia kwa sababu kwa simu nikisikia sauti ya Mercy nalia tu, sisemi lolote.

Uliniambia mama mkwe alikuja kutoka Molo kumtaka mtoto, eti mimi presha ya uzazi iliua mkono wangu wa kulia, nitambebaje mgongoni? Maneno hayo yameniuma, lakini hakusema uongo. Basi ngoja nikuambie ya wiki hii.

Hapa hospitali, msichana wa mazoezi anaitwa Njeri. Jumanne alinivalisha miwani kubwa, nzito, kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Mama, hospitali ikapotea! Nikajiona sokoni, na nikigeuza kichwa soko nalo lanizunguka. Njeri akasema nichukue matunda kwa mkono wa kulia. Mkono ukakataa. Nikachukua kwa kushoto, kompyuta ikalia kengele ya kunisifu.

"Nafula, unaniibia!" Njeri akasema. "Huo si ndio mkono mzima?"

Alhamisi akaniwekea soko lingine. Huko akatokea bibi mzee, kitambaa kichwani, ananinyooshea chungwa huku ananitazama usoni. Nikasahau yote, nikapiga magoti kama ulivyonilea.

"Ameanguka! Leteni kiti!" Njeri akapiga kelele.

"Sijaanguka. Nasalimia."

"Nani?"

"Huyu bibi. Mbona hajibu?"

Chumba kizima kikacheka. Mzee mmoja anayefundishwa kutembea akasema, "Wacheni mama wa watu. Kwao Uganda hawasalimii mkubwa wamesimama."

Lakini bibi bado alikuwa na chungwa lake, anangoja. Na mimi nitapokeaje kitu cha mtu mzima kwa kushoto, si ungenichapa? Nikausukuma wa kulia. Ukatetemeka kama mguu wa ndama aliyezaliwa leo, ukapanda, ukapanda, mpaka kwenye chungwa. Nilipovuliwa miwani, mkono ulikuwa ungali juu.

Sikudanganyi, vidole havijashika vizuri. Sasa Njeri ananipa mfuko wa mchanga, naufunga mgongoni kwa leso. Fundo nalimalizia kwa meno.

Kwa hiyo mwambie mama mkwe, kwa heshima, asimchukue Mercy kwanza. Simnyimi mjukuu. Aje hapo nyumbani Sikuda amtazame, ale, acheze naye, arudi.

Nisalimie baba, na kaka anayesoma Busitema, na shangazi anayemletea Mercy maziwa, Mungu amzidishie.

Na mama, siku ya kliniki usikose kumpeleka Mercy apimwe, kisha uniandikie kilo zake. Mfuko wangu una kilo tatu tu, na yeye kilo tatu aliziacha siku ya kuzaliwa. Nataka Njeri aujaze mchanga mpaka ulingane naye.

Ni mimi mtoto wako,
Nafula, mama Mercy