Nestori, Tumefika Kilimani Kwako

Nestori we,

Sikuulizi habari za huko, maana hata ungeweza kujibu ungenidanganya. Nakupa za huku. Lijumba letu la magurudumu limetembea. Na aliyeliendesha ni mimi Bonifasi, mimi uliyekuwa unasema laisensi yangu ni ya kuonyeshea picha. Kutoka Minto mpaka kule kwenye udongo mwekundu, mbele ya Cobar, siku moja, mchana kutwa, na sikugonga hata kangaruu. Kangaruu mmoja alisimama kando akanipigia saluti. Mke wangu Skola ni shahidi, ingawa alikuwa amefumba macho, anasali rozari kila lori likitupita.

Ngoja nianze mwanzo, maana kalamu naishika kama jembe, nikiruka mstari sirudi.

Tangu tukuzike, mke wako hakuvua nguo nyeusi. Mwaka ukaisha, tukasema sasa tuondoe tanga kama kwetu Burundi, watu wanywe chungu kimoja, maneno yasemwe, mjane arudi kwa watu. Wazee wa kanisa wakapata ukumbi Lidcombe, una jiko na viti vya kukunja. Shemeji akakataa. Akasema, "Tanga linaondolewa kilimani kwa mtu, pale penye ua wake. Nestori ana kilima gani hapa? Ukumbi saa nne usiku wanakuja kuzima taa." Wakamwambia basi tusali tu yaishe. Akasema hayaishi. Akawa anaenda shifti kule anakoogesha wazee wa kizungu, anarudi, anafunga mlango. Mboga zake za lengalenga uani zikakauka zote. Watoto wako wanamuuliza kwa Kiingereza, yeye anajibu kwa kichwa. Nestori, nilianza kuogopa. Nilisema huyu tutamzika naye.

Ndipo nikakumbuka safari yetu ya kwanza ya kule kwenye udongo mwekundu. Unakumbuka ulipozima injini? Hakuna bomba, hakuna umeme, hakuna choo. Nikakwambia, bwana wee, miaka yote ile ya ukimbizi kambini Kigoma tulikuwa tunaomba tutolewe kwenye turubai, leo umechoma petroli yote hii kunirudisha? Ukacheka mpaka ukakaa chini. Asubuhi ukakata matawi, ukafunga fagio, ukafagia jangwa! Kutoka mlango wa lijumba mpaka kwenye moto, uwanja unang'aa kama kwa mama yako. Yule babu wa kizungu wa karavani ya jirani akaja polepole, akauliza umepoteza nini. Ukamwambia kwa lugha yake, "Hapana, meiti, nasubiri wageni." Kesho yake tukamkuta na yeye anafagia. Jioni ile ukasema, "Boni, mtu akiniuliza kilima changu, ni hapa." Mimi nikasema kilima gani, hapa hata yai ukiliweka halibingiriki.

Basi nikaenda kwa shemeji. Nikamwambia kilima kipo, nakijua, nakupeleka. Akaniangalia weee.

"Wewe?"

Mimi.

"Njia unaijua?"

Nikamwambia njia ile nifunge macho naipita kinyumenyume. Akasema, "Sawa. Lakini ukipotea hata mara moja, unanirudisha Minto, na habari ya tanga mtu asinitajie tena." Katekista aliposikia akasema wazee watatu kwenda jangwani ni kumjaribu Mungu. Nikamjibu Mungu keshajaribiwa na wakubwa kuliko mimi.

Lijumba lilikuwa limelala uani kwangu tangu ulipoondoka. Panya wamezaa kwenye kiti changu. Chako hawakugusa, hata panya walimjua bosi. Nikatia betri, nikajaza matairi, nikabadilisha oili mwenyewe, mgongo unalia. Pombe nikapika gereji, ndizi za dukani na unga wa mtama wa kwa Wahindi. Nikatia kwenye dumu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu unazijua.

Tuliondoka bado kiza. Kwenye kona za Milima ya Buluu nikasikia nyuma, paa! Nikajua tairi limekwenda. Naegesha, malori yananipigia honi, nashuka, nayazunguka matairi yote, mazima. Nafungua mlango wa nyuma, Skola amelowa kichwa mpaka miguu, anasema, "Damu ya Yesu!" Kumbe pombe ilikuwa inaumuka humo ndani, imerusha kifuniko mpaka darini. Karibu nusu imekwenda. Mimi, fundi wa pombe wa kambi nzima, nimesahau kwamba pombe inapumua! Nikamwambia shemeji, hiyo iliyomwagika ni ya Nestori, ameshindwa kungoja. Hata kutabasamu, wapi. Amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Tukapita Dubbo, tukatia petroli. Tukapita Nyngan, nchi ikalala chini, kondoo wamekonda kwa ule ukame mpaka unawaonea haya. Nikampigia hadithi zangu zote. Nikampa ile ya simba wa kwetu Ruyigi niliyemng'oa sharubu. Nikampa na ile ya mamba, ambayo wewe ulikuwa unasema mamba anaongezeka urefu kila nikiisimulia. Skola akalala. Shemeji anatazama nje. Njia nzima nimeongea na kioo.

Cobar tukaiacha nyuma, jua limeanza kushuka. Sasa, si unajua pale unapokata kushoto, penye ile friji mbovu waliyoisimamisha wenye shamba getini wawekewe barua? Nikaitafuta friji. Friji hakuna. Imeondolewa, Nestori! Nani anaiba friji mbovu jangwani? Nikaendelea kuendesha, usukani umelowa jasho, mimi napiga mluzi kama mwenye nchi. Moyoni nikasema, nikikiri nimepotea, huyu mama anarudi kwenye chumba kile, na mlango ukifungwa safari hii haufunguki. Bora niendeshe mpaka nitokee bahari ya upande wa pili. Sisimami. Petroli ikiisha nitasukuma.

Ndipo nikasikia sauti pembeni yangu, tangu asubuhi sijaisikia.

"Shemeji, umepita."

Nikasema nimepita nini?

"Njia. Nestori alisema ukishavuka daraja la mto usio na maji, kuna mti uliochomwa na radi upande mmoja. Mti kwanza, friji baadaye. Friji imeondoka, lakini mti upo, tumeuacha nyuma."

Nilikanyaga breki mpaka Skola akaanguka toka kitandani. Nikamuuliza umejuaje, wewe hujawahi kufika huku hata siku moja?

Akasema, "Alikuwa akirudi Jumapili ananisimulia. Mimi napiga pasi yunifomu, yeye anadhani simsikii."

Nestori, mluzi ulinifia mdomoni. Halafu nikasema, maana mwanamume ni neno lake, shemeji, kwa hiyo nimepotea, tulipatana nikurudishe.

Akavuta mkanda wake akaukaza. "Wewe umepotea. Mimi sijapotea. Endesha."

Nikaligeuza lijumba, akanipeleka kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Kata hapa jirani na mti. Sasa zile nondo zilizolazwa njiani za kuzuia ng'ombe, pita taratibu. Seng'enge ibaki kulia kwako. Tazama mawe meupe. Mimi nageuza usukani tu, yeye ndiye anayeona. Na jua lilikuwa bado lipo tulipofika, limekaa juu ya vichaka kama linatungoja.

Akashuka, akavua viatu, akatembea mbali kidogo kwenye ule udongo. Akageuka huku, akageuka kule.

"Kilima chenyewe kiko wapi?"

Nikamwambia, umekikanyaga.

Akacheka. Nakuapia, alicheka kile kicheko chake cha zamani, kama cha wasichana wanaorudi kisimani, halafu katikati kikakatika, akachuchumaa, akalia mpaka nikatafuta kazi ya kufanya, nikaanza kukagua matairi yale yale. Skola akakaa chini karibu naye, hakumwambia nyamaza.

Chungu hatukuwa nacho. Tukamimina kwenye sufuria ya ugali, mirija ya plastiki ya duka la baga, tukainama watatu tukanywa. Chachu imenoga, usisikitike. Nikasimama nikasema maneno kama inavyotakiwa. Nikasema wewe ulikuwa mtu. Nikasema spana zako ni za mwanao mkubwa. Nikasema na lijumba hili, watu wote wanadhani ni la Bonifasi, na Bonifasi mwenyewe alikuwa anadhani hivyo, ni la mke wa Nestori. Nikautoa ufunguo. Mkono haukutaka kuuachia, nisikudanganye. Akauchukua. Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha njano, na Skola akapiga vigelegele vya harusi nzima peke yake, hakuna jirani wa kulalamika.

Asubuhi namkuta shemeji kwenye kiti chako, miguu inatafuta pedeli. "Boni, hii inawashwaje?" Nikamwambia hiyo siyo pasi, shemeji. Akasema, "Nimekuuliza inawashwaje." Akaliendesha kwenye ile njia ya vumbi mpaka zile nondo, gia ya kwanza tupu, Skola anatembea pembeni kwa miguu anatupita. Alipolizima, akasema, "Tena."

Sasa rafiki yangu, tanga limeondoka, na kwetu tanga likishaondoka hakuna tena kulia. Nimefuta pua, nakuaga vizuri. Lala. Shemeji amepanda lengalenga upya, na juzi amemfokea katekista, kwa hiyo ni mzima.

Nakuahidi nitamfundisha mpaka apate laisensi yake kamili. Nitakaa kiti cha pembeni, na mdomo wangu nitaufunga. Najua unacheka. Cheka tu. Tukirudi huko kilimani kukusalimia, dereva ni yeye, mimi ndio mzigo.

Ni mimi,
Bonifasi